Majaji Wako Uingereza, Kelele Ziko Majengo

Mteja wangu alisimama na nusu ya kichwa. Upande wa kushoto rasta zimeshuka mpaka begani, upande wa kulia nywele zake mwenyewe zimesimama wima kama zimeona jini, na mkononi kashika kitana changu cha mkia anakielekeza kwenye televisheni. "Huyu mzee ana roho mbaya! Mtu haoni, anacheza haoni, halafu unamwambia habari za mabega?"

Msusi wangu, aliyeachwa na rasta moja inaning'inia vidoleni, akamwambia kwa upole, "Dada, kaa kwanza. Ukisimama hivyo mstari unapinda."

Hiyo ilikuwa mwishoni mwa 2024, saluni kwangu, Majengo, hapa Moshi. Aliyekuwa anatetewa ni Chris McCausland, mchekeshaji wa Liverpool, kipofu wa kwanza kuingia kwenye shindano la Strictly Come Dancing la BBC. Mzee mwenye roho mbaya ni Craig Revel Horwood, jaji ambaye yupo kwenye meza ile tangu shindano lianze Mei 2004. Pale kwangu anaitwa Mweka Hazina, kwa sababu ana uso ule ule wa mweka hazina wa kamati ya harusi anapoulizwa hela ya keki imekwenda wapi.

Kwa ambaye hajawahi kulitazama: wanachukuliwa watu maarufu, waigizaji, wanamichezo, watangazaji, hata wanasiasa wastaafu, na kila mmoja anapewa mcheza dansi wa kazi hiyo amfundishe. Wanafanya mazoezi wiki nzima, Jumamosi wanapanda ukumbini. Majaji ni wanne, kila mmoja ana alama mpaka 10, kwa hiyo ukipata 40 umemaliza yote. Halafu watazamaji wanapiga kura. Wawili walioangukia chini wanacheza tena, majaji wanachagua nani abaki. Fainali ikifika, alama za majaji zinakuwa za kuonyesha tu; mshindi anatoka kwa watazamaji peke yao. Marekani walianza la kwao Juni 2005 wakaliita Dancing with the Stars, na hadi leo limechezwa kwenye nchi zaidi ya 50.

Sisi huku hatuna kura. Kura ni za walio Uingereza. Tunachopata ni vipande vinavyowekwa YouTube, ninavirusha kutoka simuni kwenda kwenye TV ya ukutani, bando ni langu na malalamiko ni ya wateja. Lakini msimu wenyewe umekaa vizuri kwa biashara yangu: unaanza Septemba, unaisha katikati ya Desemba. Anayeijua Moshi anajua Desemba ni nini. Wachaga wanarudi, mabasi yanashusha watu usiku na mchana, na kila mwanamke aliyetoka Dar anataka kupanda Kibosho au Marangu kichwa kikiwa kipya. Kusuka rasta nyembamba ni saa tano, ukiwa na haraka saa nne. Mtu akishakaa kwenye kile kiti hana pa kwenda. Kwa hiyo fainali ya dansi ya Waingereza kila mwaka inapata ukumbi uliojaa hapa Majengo, watu wenye maumivu ya ngozi ya kichwa na maoni.

Na mlangoni anakaa baba yangu.

Baba ana miaka 84. Alikuwa karani wa kahawa maisha yake yote, na ujana wake wote wa Jumamosi aliumalizia kwenye dansi. Vijana wakisikia "muziki wa dansi" leo wanafikiria gitaa na tarumbeta tu, Msondo na Sikinde, nyimbo ndefu za wazee. Baba atakwambia dansi ilikuwa miguu kabla haijawa muziki. Mlikuwa mnashikana mikono, mwanaume anaongoza, kuna wolzi, kuna foksitroti, kuna kwikstepu, baadaye chacha na rumba, na kila moja ina sheria zake. Ulikuwa huingii ukumbini na viatu vichafu. Na mashindano yalikuwepo, na watu walikuwa wakishindana tangu enzi za ngoma ya beni na vyama vyake vya Marini na Arinoti, kabla baba hajazaliwa. Mwaka 1970 wale ndugu wa Kinyonga kutoka Tanga walipohamia Arusha na kuanzisha Arusha Jazz, kabla hawajavuka kwenda Nairobi kuwa Simba Wanyika, baba alikuwa anapanda basi kwenda Arusha kucheza na kurudi asubuhi ya Jumapili moja kwa moja kanisani. Mama alikuwa akisimulia hilo kwa sauti ya mtu ambaye bado hajasamehe.

Kwa hiyo baba anatazama miguu. Hatazami kitu kingine. Watu wanalia machozi kwenye TV, mshiriki anasimulia jinsi alivyompoteza mama yake, baba anasubiri. Muziki ukianza anainama mbele, mikono juu ya fimbo, na kitu anachokitafuta ni kimoja: kisigino. Kwenye wolzi au foksitroti, ukienda mbele, kisigino ndicho kinachogusa sakafu kwanza, kama unavyotembea. Kwenye chacha na rumba ni kinyume, unaingia na sehemu ya mbele ya wayo. Ukivichanganya, baba anafyonza. Anafyonza kabla Mweka Hazina hajafungua mdomo, na mara nyingi wanasema jambo moja, mmoja kwa Kiingereza, mwingine kwa mdomo uliobinuliwa.

Jaji wake kipenzi alikuwa Len Goodman, jaji mkuu mpaka 2016, ambaye kwa miaka mingi alihukumu Uingereza na Marekani pia. Nilipomwambia kwamba Len ujanani alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, na kwamba aliingia kwenye dansi baada ya daktari kumshauri acheze kwa ajili ya mguu ulioumia, baba alisema, "Nilijua. Yule si mtu wa ofisini." Len alikuwa na namna yake ya kutangaza alama ya 7, analivuta lile neno kama muuza samaki, na baba alikuwa akimwiga mpaka watoto wa mtaani wakaanza kumwita Babu Seveni. Alipofariki Len, Aprili 2023, nilisita kumwambia siku mbili nzima.

Basi saluni yangu ina kambi mbili na mimi ndiye mwenye nyumba. Kuna kambi ya baba, ambayo ni baba, msusi wangu mmoja anayesali na kwaya na anajua maana ya mazoezi, na mwalimu fulani wa sekondari anayekuja kuosha na kuseti kila Ijumaa. Hawa wanasema shindano ni la kucheza, ashinde anayecheza. Kambi ya pili ni wote waliobaki.

Nimeisikiliza kambi ya pili miaka mingi na nataka niitendee haki, maana mara nyingi inachekwa. Hawasemi kwamba mtu wao anacheza vizuri. Ukiwabana, wanakubali upesi kwamba hachezi vizuri. Mwaka mmoja tulikuwa tunatazama vipande vya zamani, tukafika 2008, kwa John Sergeant. Huyu alikuwa mwandishi wa habari za siasa, mtu mzima, mnene kiasi, uso wa mjomba aliyealikwa kimakosa. Kwenye pasodoble alimburuta mwenzake, Kristina Rihanoff, sakafuni kama mtu anayetoa gunia la mahindi stoo. Majaji walimkalia kooni. Watazamaji wakampigia kura wiki hadi wiki, wakawa wanatoka wachezaji wazuri na yeye yupo. Mwisho mwenyewe akajitoa, Novemba, kwa sababu aliona kuna hatari ya kweli kwamba atashinda.

"Umeona?" akasema mwalimu. "Hata yeye aliona aibu."

"Alijitoa kwa ustaarabu," mama mmoja wa Kiborloni akajibu kutoka kwenye kiti cha kusukia. "Lakini waliompigia kura hawakukosea. Walikuwa wanamwambia ahsante."

Ahsante ya nini? Hilo swali lilikaa kichwani mwangu muda mrefu, nikitia dawa, nikisuuza, nikihesabu chenji.

Mwaka huo huo wa 2008 ulikuwa na jambo lingine ambalo nililieleza pale saluni kwa rola za nywele, na bado najivunia. Nusu fainali walibaki watatu: Rachel Stevens, Lisa Snowdon na Tom Chambers. Alama za majaji zinageuzwa kuwa pointi kwa nafasi, za watazamaji hivyo hivyo, zinajumlishwa. Sasa Rachel na Lisa wakafungana kileleni. Nikaweka rola tatu nyekundu kwa Rachel, tatu kwa Lisa, na Tom aliyebaki mkiani nikampa moja. "Haya," nikawaambia, "sasa tuseme Uingereza nzima inampigia kura Tom." Nikamwongezea rola tatu, akawa na nne. Wa pili kwa kura anapata mbili, anakuwa na tano. Wa tatu anapata moja, anakuwa na nne. Anayeokoka ni mmoja tu, mwenye tano. Tom, hata akipendwa na taifa zima, yuko wawili wa chini. Watu walikuwa wanalipia simu kumwokoa mtu ambaye hesabu ilishamzamisha.

Kimya. Mama wa Kiborloni akahesabu upya rola kwa kidole. Kisha akasema, "Huo ni wizi wa vikoba."

BBC nao waliliona wakiwa hewani tayari, wakafuta mchezo wa kurudia wa usiku ule, wote watatu wakaenda fainali. Na aliyeshinda fainali ni nani? Tom Chambers. Baba aliposikia akacheka mpaka akashika ubavu, maana kwa mara ya kwanza kambi zote mbili zilikuwa na haki ya kulalamika.

Sasa ile ahsante. Neno lilinijia siku moja kwenye kipaimara, si saluni. Mtoto aliimba, sauti imetetemeka, amesahau ubeti wa pili, akaanza upya. Ukumbi mzima ukanyanyuka kwenda kumtunza. Unajua tunavyofanya: unatoka kwenye meza yako unacheza taratibu, noti juu, unamfikia, unamwekea mkononi au unambandika kwenye kipaji cha uso, unarudi unacheza. Wapwani wanasema kutuza. Na nikiwa naenda na noti yangu ya elfu mbili ndipo nikaona: tuzo, hili neno tunalotumia kwa zawadi za majukwaani na vikombe vya watu maarufu, limezaliwa hapo hapo. Tuzo ni kile alichotuzwa mtu. Kwa Kiswahili, mshindi na aliyebandikwa noti kwenye paji wanatoka tumbo moja.

Na hakuna mtu hata mmoja anayeinuka kwenda kutunza kwa sababu sauti ilikuwa sawa. Unainuka kwa sababu kuna kitu kimekugusa na umeshindwa kukaa. Mwimbaji akiimba bila kosa tunapiga makofi tukiwa tumekaa.

Kile ndicho watazamaji wanachokifanya Jumamosi usiku. Wanatunza. Majaji wamewekwa kupima kazi, watazamaji wamepewa njia ya kuinuka na noti zao, halafu yule aliyetunga shindano akavijumlisha viwili hivi kana kwamba ni kitu kimoja. Kelele zote, za huko na za Majengo, zinatokea kwenye ile alama ya kujumlisha. Mwalimu anamlaumu mama wa Kiborloni kwa kuhukumu vibaya, na mama hajawahi kuhukumu hata mara moja. Alikuwa anamtafutia mtu paji la uso.

Ukilitazama hivyo, mambo mengi yanaeleweka. Inaeleweka kwa nini wanaofika tayari wakijua kucheza wanapata taabu. Ashley Roberts, 2018, alikuwa ametoka Pussycat Dolls, kundi ambalo kazi yake ni kuimba na kucheza. Alipata alama za juu na bado akajikuta kwenye wawili wa chini. Fainali ikaenda kwa Stacey Dooley, mwandishi wa habari. Tasha Ghouri, 2024, alisakamwa msimu mzima kwa sababu aliwahi kucheza kabla. Msusi wangu wa kwaya anaumia sana na hili. "Kwa hiyo mtu ukijiandaa ni kosa?" Simlaumu. Yeye amesuka tangu ana miaka kumi na mbili, mkono wake hauna kosa, na anayepewa bakshishi kubwa ni binti mwanafunzi tuliyemchukua juzi, kwa sababu anajikata kidole, anasema "pole dada" na kucheka. Nimeliona kwa macho yangu. Siwezi kusema ni haki.

Na kutunza kuna uchafu wake. Sote tumeshaona mgeni rasmi anaimba vibaya na wafanyakazi wake wanapanga foleni na noti. Marekani 2018 alishinda Bobby Bones, mtangazaji wa redio, mtu wa mtandao mkubwa wa wasikilizaji wa asubuhi. Hata waliompenda hawakusema ndiye mchezaji bora. Wasikilizaji wake walikuja ukumbini na mabulungutu. Msimu uliofuata wakabadilisha sheria, majaji wakapewa mamlaka ya kumwokoa mmoja kati ya wawili wa chini. Mwanzoni kabisa, 2005, Kelly Monaco alipomshinda John O'Hurley watu walilalamika kiasi kwamba waliwarudisha kucheza tena miezi michache baadaye, na safari hiyo akashinda O'Hurley. Na 2010, Bristol Palin, binti wa mwanasiasa, alipoendelea kubaki na alama ndogo, kuna mzee huko Wisconsin alichukua bunduki akaipiga risasi televisheni yake. Hii nilipowasomea saluni hakuna aliyecheka kwa sababu ya dansi. Walichoshindwa kuelewa ni TV. "Yake mwenyewe?" waliniuliza. "Aliyoinunua?" TV yangu nimeinunua kwa zamu yangu ya upatu, nilikuwa wa tisa. Craig aseme atakacho.

Niliwahi kuwa na kura mimi pia, enzi za mashindano ya kuimba ya hapa kwetu yaliyokuwa ya meseji. Silitaji lililohusika. Nilikuwa msichana wa kuajiriwa kwenye saluni ya mtu, nikampenda kijana mmoja kwa sababu alisema yuko peke yake kwao, na mimi niko peke yangu kwetu. Vocha ya wiki nzima ikaisha kwa jioni mbili. Akatoka. Sikuwahi kujua kama meseji zangu zilifika au zilikuwa bado zinazunguka hewani kama kunguru. Tangu hapo nikawa mtu wa kambi ya baba kwa hasira tu: majaji waamue, wananchi wakae.

Kilichonilainisha ni Rose. Rose Ayling-Ellis, 2021, mwigizaji kiziwi, akicheza na Giovanni Pernice. Katikati ya dansi yao moja muziki ulikatwa kwa makusudi, sekunde chache, na wao wakaendelea kucheza kwenye kimya hatua kwa hatua, mpaka muziki ukarudi ukawakuta pale pale. Saluni nzima iliganda. Nilikuwa nimeshika brashi ya dawa, dawa inakauka. Na kwenye kona, chini ya draya, kulikuwa na dada mmoja ambaye draya ile kuukuu inapiga kelele kama mashine ya kusaga. Yeye tangu mwanzo alikuwa hasikii chochote. Aliona wawili wanacheza, basi. Akashangaa sisi tumekumbwa na nini. "Mbona mnalia? Si wanacheza vile vile?"

Vile vile. Ndiyo, mama, vile vile.

Rose alishinda mwaka ule. Mwaka uliofuata akashinda Hamza Yassin, mpiga picha wa wanyamapori aliyezaliwa Sudan, mwili mkubwa, na watu wa Majengo wakampitisha kuwa ndugu bila mjadala, kwa sababu ya jina, kwa sababu ya tabasamu, na kwa sababu mtu anayepiga picha wanyama lazima siku moja atapita hapa kwenda Serengeti. Hapo napo kuna ukweli ambao hatuusemi kwa sauti sana: tunatunza wa kwetu kwanza. Jaji Motsi Mabuse ni wa Afrika Kusini, na akitokea tu, kabla hajasema neno, kuna mjadala wa dakika tano juu ya nywele zake, ni wigi au ni zake, imeshonwa au imebandikwa, nani anamtengeneza, na mimi naulizwa kama shahidi mtaalamu. Alipoingia 2019, mdogo wake Oti alikuwa mmoja wa wacheza dansi wa shindano, akashinda mwaka huo na Kelvin Fletcher, mwaka wa pili tena na Bill Bailey. Unaweza kufikiria yaliyosemwa. "Dada jaji, mdogo mtu mshindi, na sisi tunajifanya hatuoni." Baba ndiye aliyemtetea, tena kwa ukali: fainali ni kura za watu, Motsi hana mkono pale, na isitoshe yule Oti mmeangalia anavyoweka kisigino?

Nilitaja kwamba hatuna kura. Binamu yangu yuko Leicester, muuguzi, naye ana kura na hapigi. Anasema akitoka zamu amechoka. Lakini ananitumia meseji za sauti Jumamosi hiyo hiyo, kwao ni jioni, kwetu ni saa nne usiku, na Jumapili ananitumia matokeo kabla sijaamka vizuri kichwani. Nimemkataza. Kipindi cha matokeo huwa kinarekodiwa usiku wa Jumamosi na kurushwa Jumapili, kwa hiyo kuna watu huko mtandaoni wanavujisha, naye anavujisha kilichovuja. Jumatatu asubuhi nafungua saluni nikiwa na siri ambayo sikuiomba, na wateja wananisoma usoni. Mama wa Kiborloni hata haulizi. Ananitazama ninavyofagia, anasema, "Ametoka, eeh?"

Mwaka ule wa 2024 fainali ilifika Desemba na Chris McCausland akashinda, na Dianne Buswell. Tuliitazama siku ya pili, viti vyote vimejaa na wengine wamekaa kwenye ndoo. Wolzi yake ya wiki za nyuma, ile iliyokuja kupewa tuzo ya BAFTA mwaka uliofuata, tuliirudia mara tatu. Yule dada wa nusu kichwa alikuwa ameshasukwa zamani, lakini alirudi kutazama tu, na alipofika akamsalimu baba, "Shikamoo babu. Leo utasema nini?"

Baba akamjibu marahaba, akanyamaza. Ndipo nikamhadithia huyu dada kisa cha harusi ya mdogo wangu, kwa sababu yeye alidhani baba ni mtu wa chuma.

Shemeji yangu ni fundi umeme, mrefu, mikono imejaa, miguu kama ya mtu aliyeazima. Kamati ilitaka maharusi wafungue muziki kwa wolzi, siyo kuyumbayumba tu pale katikati. Baba akajitolea kumfundisha. Wiki tatu nyuma ya nyumba, kila jioni, baba kwenye kiti anapiga debe kwa fimbo, moja-mbili-tatu, moja-mbili-tatu, shemeji amekumbatia ufagio. "Kisigino! Kisigino, kijana!" Kuku walikuwa wanahama.

Usiku wenyewe MC akatangaza, taa zikapunguzwa, wakaingia katikati. Hatua ya kwanza akakosea mguu. Ya nne akakanyaga gauni. Tuliisikia ile nguo ikichanika kutoka meza kuu. Shemeji akasimama. Akatazama chini, akamtazama mke wake, akapiga magoti akaliokota lile pindo lililochanika, akalizungusha mkononi mwake mara mbili kama anavyozungusha waya, akamgeukia DJ akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaka, naomba tuanze upya."

Vigelegele havikuisha. Walianza upya na alikosea tena, lakini hakuna aliyekuwa anaangalia. Meza zikamwagika. Mashangazi, mafundi wenzake, wapishi, kila mtu na noti yake, wengine wanalia. Na katikati ya lile vurumai nikamwona baba anainuka. Watu wakampisha. Alikwenda taratibu na fimbo yake, hatua moja moja, kisigino kwanza, mpaka akamfikia, akatoa noti ya elfu kumi iliyokunjwa vizuri, akaitia kwenye mfuko wa koti la shemeji, akaupigapiga ule mfuko kwa kiganja. Akarudi. Macho yalikuwa mekundu.

Nikamvutia kiti. "Baba, umeonaje?"

Akakaa, akaegesha fimbo, akatafuta glasi yake.

"Nne," akasema. "Kisigino hakuna."